Kujifunza baiskeli ya kulala ukubwani: ukishajua kuondoka, mengine yanakuja

Naandika hii kwa mtu mzima ambaye ameiona ile baiskeli unayokaa umeegemea mgongo kama kwenye kiti cha kupumzikia, miguu iko mbele, wengine wanaiita rikambenti, akaipenda, afu siku ya kwanza kuipanda ikamlaza chini kabla hata hajafika mita tatu akasema basi hii sio ya umri wangu. Ni ya umri wako kabisa. Mi nilianza nina miaka 43 na wiki ya kwanza nzima nilikuwa napambana na mikono yangu mwenyewe, hilo ndo nataka likuepuke wewe.

Kwenye baiskeli ya kawaida mwili wote unasaidia kusimama, kiuno kinacheza, goti linatoka nje kidogo, ukizidiwa unanyanyuka kwenye siti. Huku mgongo umeshikwa na kiti, kiuno hakina pa kwenda, kilichobaki ni usukani tu. Na kwa vile uko chini, baiskeli inaanguka haraka zaidi. Chukua fagio lenye mpini mrefu ulisimamishe kwenye kiganja, utalibembeleza litakaa, sasa jaribu na penseli. Wewe sa hivi ni penseli. Kwa hiyo marekebisho ya usukani yanatakiwa yawe madogo na ya mapema, na hayawezi kuwa madogo kama umeushika kwa nguvu. Vidole vilegee, mabega yashuke, viwiko vilegee, yaani ushike kama umeshika yai. Kila mtu anaambiwa hivi na kila mtu anakaza hivyohivyo, ndo maana narudia.

Baiskeli yenyewe kwanza. Kama unachagua, kuna ndefu ambayo gurudumu la mbele liko mbele ya pedeli, na kuna fupi ambayo pedeli zimepita mbele ya gurudumu. Ile ndefu yenye pedeli za chini ndiyo rahisi kujifunzia, maana miguu inafika chini haraka na usukani wake umetulia. Ile fupi yenye pedeli juu kuliko kiti inakimbia vizuri ila mwanafunzi inamchosha, halafu ukikata kona kali kisigino kinaweza kugonga tairi la mbele, hiyo ujue mapema ili usishtuke. Ya magurudumu matatu haina habari ya balansi, unakaa unaondoka, lakini ina mambo yake nitayasema chini.

Halafu urefu wa bomba la mbele, lile linaloshika krenki, yaani vile vyuma vinavyobeba pedeli. Kaa, mgongo ugusane na kiti wote, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa mbali kabisa na wewe: mguu unyooke bila kiuno kusogea. Ukihamishia sehemu pana ya wayo kwenye pedeli goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ni sawa. Likiwa fupi magoti yatauma, likiwa refu utakuwa unajivuta huku na huku kwenye kiti na nyuma ya kifundo cha mguu patalalamika. Rekebisha kabla ya somo la kwanza usiseme nitafanya baadaye, na ukisogeza sana angalia na cheni kama bado inatosha. Kama kiti chako kinabadilika mlalo, kiinue kiasi kwa wiki za mwanzo, utaona mbele vizuri na shingo haitachoka.

Sasa kuondoka, hapa tukae kidogo maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa.

Tafuta sehemu tambarare, pana, ngumu chini, haina magari. Mchanga na kokoto hapana. Weka gia nyepesi, sio ile ya mwisho kabisa, ya pili au ya tatu kutoka mwisho, maana nyepesi mno mguu unazunguka raundi nzima na baiskeli haijasogea na bila mwendo hakuna balansi. Kaa, shika breki zote mbili, mguu mmoja chini. Ule mguu wako wenye nguvu uweke kwenye pedeli, zungusha krenki kinyumenyume mpaka pedeli iwe imekukaribia na imeinuka kuelekea juu. Huko ndiko msukumo unakoanzia. Ikiwa imeshapita juu na kwenda mbele, umebakiwa na kipande kidogo cha kusukuma na utaanguka, watu wengi wanaoanguka wakati wa kuondoka shida yao ni hiyo tu, pedeli ilikuwa sehemu mbaya.

Egemea. Kweli egemea, kichwa na mabega virudi nyuma. Mtu akiogopa anajikunja mbele kama anataka kuamka, akifanya hivyo anavuta usukani, baiskeli inakata kona yenyewe. Angalia kitu kilicho mbali, mita 20 au 30 mbele, mti, nguzo, chochote. Achia breki na usukume kwa nguvu moja ya kueleweka, usisukume kwa woga. Mguu wa pili unyanyuke saa hiyohiyo ukutane na pedeli yake. Usiutafute kwa macho, miguu iko mbele yako utaiona tu bila kuikodolea. Ukiikosa pedeli usihangaike, endelea kwenda na ule msukumo, mwendo ukiisha shika breki, ndo baiskeli ikisimama weka mguu chini, rudia.

Na hapa kuna kitu cha hatari kweli sitaki ukipite haraka: usiweke mguu chini wakati baiskeli bado inakwenda. Kwenye baiskeli ya kawaida mguu unagusa chini unarudi, huku mguu uko mbele ya kiti, wayo ukinasa ardhini baiskeli inaupanda na kuuvuta kwa chini, watu wamevunjika hivyo. Kwenye zile za magurudumu matatu ndo zaidi maana uko chini sana, mguu ukiteleza tu kwenye pedeli unaweza kuburuzwa. Dawa ni kamba za kushikilia viatu kwenye pedeli, au viatu vinavyojifunga kwenye pedeli, lakini kwa ya magurudumu mawili hivyo viatu subiri mpaka kuondoka na kusimama vimekuwa kama kupumua. Ukiona unaanguka, acha miguu kwenye pedeli na mikono kwenye usukani, uende nayo ubavu. Ni karibu na chini, kujikinga kwa kiganja ndo kunaumiza viwiko na mabega. Vaa glovu, helmeti, suruali isiyopepea, kamba za viatu zifiche.

Kama hata baiskeli ya kawaida hujawahi kupanda, hauko nyuma, kwa macho yangu una afadhali maana huna mazoea ya zamani ya kuondoa. Anza na mteremko mdogo sana, ule ambao mpira ukiuweka unaanza kubingirika taratibu, miguu yote miwili inaning'inia karibu na ardhi bila kuigusa, achia breki, telemka, simama. Fanya mara 20. Hujapiga pedeli hata moja lakini mikono inasoma. Baadaye weka mguu mmoja, afu miwili bila kuzungusha, afu zungusha.

Dakika 20 au 30 kwa siku zinatosha, ukichoka mabega yanakaza na unajifunza kukaza. Siku za kwanza ni kuondoka na kusimama tu, ikifuata kwenda moja kwa moja, halafu duara kubwa upande wa kulia na wa kushoto (kuna upande utauchukia, ndo huo uufanyie kazi zaidi), kutazama nyuma baadaye, na mkono mmoja baadaye kabisa. Kioo weka tangu mwanzo, kugeuza kichwa ukiwa umelala ni shida. Na bendera ndefu nyuma, dereva asikose kukuona.

Ya magurudumu matatu: kona ya kasi inanyanyua gurudumu la ndani, kwa hiyo punguza kabla ya kona halafu inamia upande wa ndani ya kona. Kwenye zile zenye mawili mbele, mara nyingi kila gurudumu la mbele lina breki yake na mkono wake, ukishika moja tu kwa nguvu inavutia upande ule. Jizoeze kushika zote kwa pamoja.

Milima itakukatisha tamaa mwanzoni, nakwambia mapema. Huwezi kusimama kwenye pedeli, uzito wako hausaidii, ni kuzungusha tu kwa gia nyepesi, na misuli inayofanya kazi siyo ileile, kwa hiyo hata mwendeshaji mzuri wa kawaida atapitwa wiki za kwanza. Usisukume gia nzito kwa hasira, una kiti cha kukandamizia mgongo na goti ndilo litakalolipa. Shusha gia kabla hujasimama, maana ukishasimama kwenye gia nzito kuondoka ni taabu. Mwendo ukishuka kama wa mtu anayetembea na usukani umeanza kuyumba, simama kwa hiari yako, shuka usukume baiskeli mpaka pakae sawa ndo uondoke tena.

Kwenye tambarare ndo utaona raha yake, upepo hauna pa kukushika. Mwaka 1933 huko Paris, Francis Faure, ambaye hakuwa hata mwanamashindano wa daraja la kwanza, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja kwenye baiskeli ya kulala iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaivunja rekodi ya saa moja ya Oscar Egg ya 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, wakaziondoa baiskeli hizi kwenye rekodi zao. Mtu akikwambia hiki ni kifaa cha wavivu, mweleze hiyo.

Mashimo ya barabarani punguza mwendo, huwezi kunyanyua makalio kupisha mtikisiko. Na vidole vya miguu vikifa ganzi, ni kwa sababu miguu imeinuka na unakandamiza sana, legeza viatu, sogeza wayo mbele kidogo ili pedeli ije karibu na katikati yake, chezesha vidole unapotelemka. Ikiendelea, simama utembee dakika mbili kisha uendelee.