Kusimba maandishi kwa GnuPG ndani ya Emacs, na namna ya kufufua ufunguo uliokwisha muda

"Kaka, faili linafunguka, nasoma kila kitu, lakini halihifadhiki."

Aliyenipigia ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili niliyemfundisha Emacs, kihariri cha maandishi, miaka miwili iliyopita. Alikuwa kijijini akikusanya mahojiano na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Daftari lake la mahojiano hutumia namba tu, na majina yenye namba hizo yamo kwenye faili moja lililosimbwa, majina.org.gpg. Siku hiyo alikuwa ameongeza majina kumi na moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na laptopu ilikuwa na asilimia 18 ya chaji.

Tulikaa kwenye simu karibu saa tatu. Ninaandika haya ili mwingine asizipoteze saa hizo, na yeyote anayetunza majina ya watu wa namna ile anapaswa kuyajua kabla hajaondoka mjini.

Hatua ya 1: Vifaa

Emacs toleo la 27 au zaidi, na GnuPG 2.2 au zaidi, yaani programu ya kusimba ambayo amri yake ni gpg. Kwenye Debian na Ubuntu GnuPG kwa kawaida imo tayari. Hakuna kifurushi cha ziada cha kushusha, kwa sababu sehemu inayoitwa EasyPG imo ndani ya Emacs tangu toleo la 23 la mwaka 2009, na ndiyo inayozungumza na GnuPG kwa niaba yako.

Ukiwa mtu wa Vim, kihariri kingine, tumia programu-jalizi ya vim-gnupg. Usitumie amri ya :X iliyomo ndani ya Vim. Njia yake ya zamani ni dhaifu, na hata hizo mpya zinakufungia maandishi ndani ya Vim peke yake. Faili la GnuPG utalifungua kwenye kompyuta yoyote yenye gpg, hata kama kihariri chako kimekufa. Kwa data ya utafiti hilo kwangu halina mjadala.

Hatua ya 2: Tengeneza ufunguo

gpg --quick-generate-key "Jina Lako <wewe@mfano.org>" default default 2y

Chagua nywila ndefu, maneno matano au sita yasiyohusiana. Kisha andika gpg -K uione alama ya kidole ya ufunguo, ile mistari ya herufi na tarakimu 40. Inakili mahali, utaihitaji mara nyingi.

Hatua ya 3: Dirisha la nywila

Ukifungua Emacs ndani ya terminali au kwenye kompyuta ya mbali kupitia SSH, kidirisha cha kuulizia nywila huvuruga skrini, au unapata ujumbe wa "Inappropriate ioctl for device". Weka mstari huu kwenye init.el, faili la mipangilio ya Emacs:

(setq epg-pinentry-mode 'loopback)

Kuanzia hapo Emacs yenyewe itakuuliza nywila chini ya skrini. Ukitumia gpg nje ya Emacs pia, ongeza export GPG_TTY=$(tty) kwenye .bashrc. Ajenti wa GnuPG hukumbuka nywila kwa sekunde 600 tangu ulipoitumia mara ya mwisho, na hata ukiendelea kuitumia, baada ya sekunde 7200 atauliza upya. Kuna watu hupandisha namba hizi hadi siku nzima. Kwa laptopu inayosafiri kwenye basi nakusihi uziache zilivyo, na kila unapofunga kazi andika gpgconf --kill gpg-agent.

Emacs ikiganda kabisa kila unapohifadhi, angalia gpg --version. Toleo la 2.4.1 na yaliyolifuata kwa karibu yalikuwa na kasoro hiyo, na dawa yake ni kupandisha toleo.

Hatua ya 4: Faili lenyewe

Fungua faili jipya kwa C-x C-f (C- ni kitufe cha Ctrl, M- ni Alt) na ulipe jina linaloishia na .gpg, mfano majina.org.gpg. Mstari wa kwanza uwe huu:

# -*- epa-file-encrypt-to: ("ALAMA-YA-KIDOLE-YAKO") -*-

Hifadhi, funga, fungua tena. Emacs italisimbua yenyewe na kukupa hali ya Org, ile ya kuandikia madaftari, kama kawaida. Amri ya M-x haihitajiki hapa.

Bila mstari ule wa kwanza, au unapohifadhi faili jipya mara ya kwanza kabla Emacs haijausoma, hukuletea orodha ya funguo uchague wapokeaji. Weka alama kwa herufi m, kisha bonyeza OK. Ukibonyeza OK bila kuweka alama yoyote, faili husimbwa kwa nywila peke yake bila ufunguo wowote, na wengi hawatambui kwa sababu kila kitu kinaendelea kuonekana sawa. Mimi huandika ule mstari kila mara.

Anza faili likiwa limesimbwa tangu neno la kwanza. Ukiandika kwanza majina.org halafu ukalihifadhi upya kama .gpg, lile la wazi linabaki kwenye diski, pamoja na nakala yake yenye alama ya ~ mwishoni. Kwenye diski za SSD huwezi kuwa na hakika kwamba ulichokifuta kimefutika kweli. Na kama umewasha savehist (inayotunza historia ya Emacs) ihifadhi pia kill-ring (orodha ya ulivyonakili), kila jina ulilolinakili linaandikwa wazi ndani ya folda ya Emacs. Ondoa hiyo.

Jambo jingine linalowahusu wenzangu wa umeme wa kukatika: kwa faili za .gpg Emacs huzima ule uhifadhi wake wa kila baada ya muda, ili maandishi ya wazi yasiangukie kwenye diski. Ni uamuzi sahihi, lakini maana yake ni kwamba ambacho hujakihifadhi kwa C-x C-s hakipo popote. Zoeza vidole vyako kuhifadhi kila baada ya jina moja.

Hatua ya 5: Ufunguo unapokwisha muda

Sasa tumefika kwenye ile simu. Ujumbe aliokuwa anaupata ulikuwa na maneno "Unusable public key". Alikuwa na hofu kwamba ufunguo umeharibika na data imepotea.

Haijapotea. Ufunguo uliokwisha muda bado unasimbua faili zote ulizosimba nao zamani, milele, ilimradi hujaufuta. Kinachokatazwa ni kusimba upya, na kila unapohifadhi faili la .gpg, Emacs inasimba upya. Ndiyo maana kusoma kunawezekana na kuhifadhi kunagoma. Kwa hiyo katika hali hii usifute ufunguo "uanze upya", usifunge bafa (maandishi yaliyo wazi ndani ya Emacs), na usihifadhi yaliyomo kwenye faili la wazi "kwa muda tu". Hilo la mwisho ndilo alilotaka kufanya, nami nilimwomba asubiri.

Kwanza okoa ulichoandika. Ndani ya bafa ile ile andika M-x epa-file-select-keys, usiweke alama kwenye ufunguo wowote, bonyeza OK, kisha C-x C-s. Emacs itakuuliza nywila mara mbili na kulisimba faili kwa nywila hiyo peke yake. Ule mtego wa hatua ya 4 hapa unageuka kuwa mlango wa dharura. Majina yake kumi na moja yaliokoka hivyo, chaji ikiwa asilimia 11.

Kisha andika date kwenye terminali. Laptopu za zamani ambazo betri ndogo ya saa imekufa huamka na mwaka wowote, na tarehe ikiwa mbele ya muda wa ufunguo, GnuPG itakuambia umekwisha wakati ni mzima. Tarehe yake ilikuwa sahihi. Ufunguo ulikuwa umekwisha kweli, siku mbili kabla.

Emacs haina amri ya kuongeza muda, kwa hiyo fungua M-x shell. Nilimwelekeza hivi:

gpg --quick-set-expire ALAMA-YA-KIDOLE 2y

Amri ilipita bila kulalamika. gpg -K ikaonyesha tarehe mpya. Akarudi kwenye Emacs, akahifadhi: "Unusable public key". Ujumbe ule ule.

Hapa ndipo saa zilipoishia. Tulimuua ajenti, tukawasha Emacs upya, tukaisaka kasoro kwenye init.el mstari kwa mstari. Kosa halikuwa kwenye Emacs hata kidogo. Unachokiita "ufunguo wangu" kwa kawaida ni funguo mbili. Ufunguo mkuu unatia saini, na chini yake kuna ufunguo mdogo, ambao ndio unaosimba. Kila mmoja unaweza kuwa na tarehe yake ya mwisho. Amri ile yenye vipande viwili huongeza muda wa ufunguo mkuu tu.

Nikasema basi, tuongeze nyota, maana nyota hugusa funguo ndogo zote:

gpg --quick-set-expire ALAMA-YA-KIDOLE 2y '*'

Ikapita kimya, na bado haikufaa. Mwongozo wa gpg unaeleza kwa uwazi, nami sikuwa nimeusoma kwa makini: nyota hugusa funguo ndogo *ambazo bado hazijaisha muda*. Uliokwisha unarukwa, na amri haikuambii. Lazima uutaje kwa alama yake ya kidole.

Na kuipata alama hiyo ni kazi nyingine, kwa sababu GnuPG ikiorodhesha funguo huficha funguo ndogo zilizokwisha muda. Ukitazama orodha ya kawaida unaweza kudhani ufunguo mdogo haupo kabisa na ukashawishika kutengeneza mpya. Ilazimishe iuonyeshe:

gpg --list-options show-unusable-subkeys --with-subkey-fingerprint -k

Tafuta mstari unaoanza na sub, wenye [E], alama ya ufunguo wa kusimba, na neno "expired". Alama ya kidole iko chini yake. Sasa:

gpg --quick-set-expire ALAMA-YA-MKUU 2y ALAMA-YA-MDOGO

Ingiza nywila ya ufunguo. Rudi Emacs, andika tena M-x epa-file-select-keys, safari hii weka alama kwenye ufunguo wako kwa m, OK, halafu badilisha herufi yoyote na uirudishe ili Emacs ione kuna cha kuhifadhi, kisha C-x C-s. Hakikisha kwa kufunga bafa na kulifungua faili upya. Likikuomba nywila ya ufunguo na si ile ya dharura, umerudi salama.

Ukiwahi kabla muda haujaisha, amri mbili zinatosha: moja bila nyota, moja na nyota. Mimi nimeweka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla. Kuna wanaoamua ufunguo usiwe na mwisho kabisa ili wasisumbuke. Sikubaliani nao: tarehe ya mwisho inamlinda anayekuandikia siku ambayo umepoteza laptopu na cheti cha kuubatilisha ufunguo vyote pamoja.

Ukishaongeza muda, wenzako wote wenye ufunguo wako wa umma (sehemu unayowapa wengine) bado wana ule wenye tarehe ya zamani. Wapelekee upya.

Hatua ya 6: Funguo za wengine

M-x epa-list-keys inakupa orodha nzima. m kuweka alama, i kuingiza ufunguo kutoka kwenye faili, o kuutoa wako wa umma kwenda kwenye faili, r kufuta. Msimamizi wa utafiti akitakiwa kulisoma faili pia, ongeza alama ya kidole yake ndani ya mabano ya mstari wa kwanza, baada ya yako, ikiwa na alama zake za nukuu.

Emacs ikiuliza kama utumie ufunguo usioaminika, usizoee kujibu y. Mpigie simu mwenye ufunguo, msomeane alama ya kidole tarakimu kwa tarakimu, kisha gpg --quick-lsign-key ALAMA-YAKE. Swali halitarudi.

Hatua ya 7: Nakala ya akiba

Amri ya o hutoa ufunguo wa umma peke yake. Nimekutana na watu waliokuwa na "nakala ya ufunguo" kwenye flashi, na siku laptopu ilipoibwa wakagundua hawana kitu. Wa siri hutolewa hivi:

gpg --armor --export-secret-keys ALAMA-YA-KIDOLE > siri.asc

Iweke kwenye flashi mbili, moja nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini. Inalindwa bado na nywila yako. Pamoja nayo nakili faili lililomo kwenye ~/.gnupg/openpgp-revocs.d/, ambalo ndilo cheti cha kuubatilisha ufunguo, na ulichapishe kwenye karatasi. Limewekewa alama ya nukta mbili (:) mbele ya vistari vya mwanzo ili lisitumike kwa bahati mbaya, nawe utaiondoa siku ya haja tu.

Kwenye kompyuta mpya: gpg --import siri.asc, kisha gpg --edit-key ALAMA-YA-KIDOLE, andika trust, chagua 5, quit. Kiwango hicho cha 5 ni kwa ufunguo wako mwenyewe tu. Jaribu yote haya leo kwenye kompyuta ya rafiki, ufungue faili moja, halafu uufute ufunguo hapo kwa gpg --delete-secret-and-public-key ALAMA-YA-KIDOLE kabla hujaondoka. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo wiki moja baada ya kurudi mjini, na flashi yake ya kwanza haikusomeka.