Wazo lipi ulifanyie kazi kwanza? Hatua ninazotumia hapa Mwanza

Ninashona mikoba na kusuka vikapu. Wabunifu wachanga hunijia na mawazo matano kwa mpigo, yote yanavutia, ila mtaji unatosha moja. Hivi ndivyo ninavyochuja.

Hatua ya 1. Andika kila wazo kwa sentensi moja: ni kitu gani, nani atakinunua, atakitumia wapi. Kama mnunuzi wako ni "watu wote", ruka wazo hilo kwa sasa.

Hatua ya 2. Fuatilia malighafi mpaka inakotoka. Usiiharakishe hatua hii, maana ndiyo inayoua mawazo mengi mazuri. Gugu maji, kwa mfano, ni la bure, lakini linaelea na upepo hulihamisha: ghuba iliyojaa leo, wiki ijayo huenda ukakuta maji matupu. Shina lake lazima likauke vizuri kabla ya kusukwa, la sivyo kikapu kitaota ukungu ndani ya nyumba ya mteja. Masika utalianika wapi? Una sehemu ya kuhifadhi? Ngozi ya sangara nayo hubaki samaki anapokatwa minofu, lakini ikiwa mbichi inaoza haraka. Mtafute kwanza mtu wa kuisindika, ndipo uchore mkoba. Kitenge hakina shida hizo.

Hatua ya 3. Piga hesabu, na ujilipe. Tuseme kwa mkoba mmoja kitenge ni shilingi 6,000, bitana na zipu 3,000, na siku yako ya kazi 15,000. Jumla 24,000. Kama wateja wako wanaishia 20,000, punguza muda wa kushona au liache. Usifute ule mshahara wako ili hesabu ikubali.

Hatua ya 4. Tengeneza sampuli moja tu. Waonyeshe watu usiowajua, kisha waombe watangulize nusu ya bei. Shangazi atakusifu kwa sababu anakupenda; anayetoa pesa kabla ya kupata mzigo ndiye aliyekujibu.

Hatua ya 5. Pima soko gizani na kwenye mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika, na pesa za wavuvi na wachuuzi wa dagaa hupungua. Ukijaribu kuuza pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, wiki ya giza peke yake, utadhani umepata biashara. Jaribu wiki zote nne, za giza na za mbalamwezi. Wateja wako wakiwa wakulima wa pamba, usiwapime kabla hawajauza.

Hatua ya 6. Chagua moja. Kabla ya kununua malighafi ya jumla, andika kiasi unachokubali kupoteza na tarehe ya kuamua. Tarehe ikifika na hujapata hata oda mbili zilizolipiwa nusu, lirudishe daftarini uchukue linalofuata.