Kufungua makusanyo ya zamani mtandaoni ili watu wayatumie bure: hatua zote, na ile iliyonikalisha siku tatu

Nimetoka kuwasaidia watu wa maktaba moja ndogo kuweka mtandaoni picha, ramani na mabango yao ya zamani. Lengo halikuwa watu waje kuangalia tu, walitaka mtu aweze kupakua faili kubwa, aikate, aichore upya, aichapishe kwenye fulana au jalada la kitabu, hata auze, bila kuomba ruhusa ya mtu. Naandika haya kabla sijasahau maana nilipokuwa nayatafuta nilikuta vipande vipande tu.

Hatua ya 1: Chagua fungu dogo

Vitu 100, vikizidi sana 200. Usianze na ghala zima. Chukua vile ambavyo aliyevitengeneza anajulikana kwa jina, utaona faida yake hatua ya 3.

Hatua ya 2: Skani

Hapa siongei sana. Hifadhi nakala mama ya TIFF (faili zito lenye ubora wote) usiiguse, halafu toa JPEG ya ukubwa uleule kwa ajili ya watu. UKUBWA ULEULE jamani. Ukitoa kapicha ka pikseli 600 chenye jina la taasisi limepigwa katikati, hapo hujafungua kitu. Makumbusho ya Rijksmuseum kule Amsterdam waligundua mtandaoni kumejaa nakala mbovu za njano za ule mchoro wa Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, mpaka wageni wakawa hawaamini kadi zenye rangi halisi zinazouzwa dukani kwao. Dawa ilikuwa kutoa wenyewe picha nzuri, kubwa, bure. Na nakala mbovu inashindwa hivyo tu, kwa nzuri kupatikana kirahisi kuliko yenyewe.

Hatua ya 3: Haki (usiiruke, nakuomba)

Hii ndo ilinila siku tatu. Mi nilifikiri kitu kikishakuwa cha zamani na kiko kabatini kwetu basi ni chetu, tukashaweka laisensi kwenye picha zaidi ya mia tatu, halafu dada mmoja wa hapo akaleta faili la karatasi za makabidhiano, ndani kuna barua ya aliyetoa picha inasema anatoa picha zenyewe ila hakimiliki inabaki kwa familia. Tukaanza upya, picha moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo shika hili: kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Unaweza kuwa na picha mkononi miaka 60 na haki ikawa ya wajukuu wa mpigapicha. Kwa kila kitu jiulize maswali manne, na majibu uyaandike kwenye shiti (jedwali la kompyuta), kila swali safu yake.

Kwanza, nani alitengeneza na alikufa mwaka gani. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, nchi nyingi zimeweka 70, Meksiko ni 100. Picha za kamera zina kiwango chao cha chini, miaka 25 tangu ipigwe, ila nchi nyingi zinazipa muda mrefu zaidi kwa hiyo soma sheria ya kwenu, usikisie. Na miaka haihesabiwi toka siku ya msiba, inaanza Januari 1 ya mwaka unaofuata. Mchoraji aliyekufa 1954, kwenye nchi ya miaka 70, kazi zake zimekuwa huru Januari 1, 2025. Hapa ndo nilipokosea zaidi, nilikuwa natoa mwaka kwa mwaka tu, nikawa nafungua kazi miezi kadhaa kabla ya wakati wake.

Pili, iliwahi kuchapishwa? Lini na wapi? Ukitaka kupakia Wikimedia Commons (ghala la mtandaoni la picha huru, ndugu wa Wikipedia) kazi lazima iwe huru Marekani NA nchi ilikotoka, na Marekani kwa vitu vingi vya zamani vilivyochapishwa wanahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, wala hawaangalii mtunzi kafa lini. Unaweza kuwa salama kwenu na usiwe salama kule.

Tatu, kitu kimefikaje kwenu? Kimenunuliwa, kimetolewa, kimerithiwa? Barua ya makabidhiano iko wapi? Fungua hayo mafaili ya karatasi KABLA hujagusa kompyuta, siyo baada kama mimi.

Nne, nani kaskani au kapiga picha ya hicho kitu, na mkataba wake unasemaje. Watu wengi hili hawalioni kabisa. Kazi yenyewe inaweza kuwa huru halafu mpigapicha wa nje mliyemwita akadai picha aliyopiga ni yake. Kwa vitu bapa kama mchoro au ramani upepo unavuma upande mmoja: mahakama ya New York mwaka 1999 kwenye kesi ya Bridgeman na Corel ilisema nakala mwaminifu ya mchoro ulio huru haizai hakimiliki mpya, Umoja wa Ulaya wakaandika wazo hilo kwenye kifungu cha 14 cha agizo lao la 2019, na Uingereza Mahakama ya Rufaa mwaka 2023 ilikaza kipimo cha ubunifu kwa namna inayoelekea hukohuko. Ila sanamu au chungu, mtu amepanga taa, kachagua pembe, hapo inaweza kuwa kazi yake mpya kabisa, pata ruhusa yake kwa maandishi.

Ukishamaliza paka rangi. Kijani, huru. Njano, hatujui. Nyekundu, ina mwenyewe. Safu ya mwisho andika nani kaamua na tarehe, maana miaka mitano ijayo mtu atauliza na we hutakuwepo. Njano usiilazimishe kuwa kijani kwa sababu picha ni nzuri, najua inauma.

Na kuna kijani ambazo bado sifungui. Picha za mazishi, za jando na unyago, za vitu vya ibada, za watu waliopigwa picha wakiwa hawana uwezo wa kukataa. Sheria inaweza kusema ruksa na wenye utamaduni wakasema hapana, waulize wao kwanza. Mradi wa Local Contexts umetengeneza lebo za jamii kueleza taratibu zao juu ya vitu kama hivi, zipitie.

Hatua ya 4: Weka lebo sahihi

Kazi ambayo hakimiliki yake imeshaisha yenyewe inapewa alama ya milki ya umma, Public Domain Mark. CC0 ni pale ambapo mwenye haki anaiachia kwa hiari yake, kwa mfano skani zenu wenyewe na maelezo mliyoandika. Kama si haki yako huwezi kuiachia, na ukishaachia hairudi. Njano na nyekundu tumia maelezo ya RightsStatements.org, yako 12, limo la "hakimiliki haijatathminiwa".

Msimamo wangu: usiweke CC BY-NC (laisensi inayokataza matumizi ya biashara) kwenye kazi iliyo huru. Huwezi kukodisha kisicho chako, halafu Commons wenyewe hawapokei "isiyo ya biashara", na mwalimu anayeuza kijitabu cha kujitegemea anaogopa anaacha. Makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 2017 waliweka CC0, makumbusho ya Smithsonian ya Marekani 2020 wakafuata na picha kama milioni 2.8. Kutajwa kwa chanzo kuombe kwa upole, andika mfano wa sentensi ya kunakili, utashangaa wengi wataiweka.

Hatua ya 5: Maelezo

Kichwa, mtunzi, mwaka, kimetengenezwa kwa malighafi gani, namba yenu ya kumbukumbu, kiungo cha haki. Jina la faili lianze na namba hiyo. Maelezo ya zamani yenye matusi ya kikoloni usiyafute kimya kimya, andika mapya juu na ya zamani yabaki chini yakiwa yametajwa kuwa ya zamani.

Hatua ya 6: Pakia

Programu ya OpenRefine, kwangu hamna mjadala. Inasafisha shiti na inapakia Commons moja kwa moja. Pakia 5 kwanza, zifungue kwenye simu, angalia lebo ya haki inaonekana, ndo upakie zilizobaki. Na kwenye tovuti yenu wekeni barua pepe ya mtu akisema "hii ni ya babu yangu", inayosomwa na mtu aliyepo kazini, na shiti la hatua ya 3 liwe karibu naye.