Kuanza Kazi ya Polisi kwa Zamu ya Mahakamani: Mwongozo kwa Askari Mpya Mkoani Kigoma

Askari mpya anayeripoti Kigoma akitokea Shule ya Polisi Moshi hutarajia doria, operesheni au upelelezi, na akisikia jina lake limesomwa kwenye zamu ya mahakamani huona kama ameonewa. Kwa maoni yangu hakuna zamu yenye faida zaidi katika mwaka wa kwanza wa kazi. Kituoni askari huona kesi inavyoanza. Mahakamani huona kwa nini imesimama au imeanguka, na asiyejua hilo anaweza kukamata watu miaka mingi bila kuelewa kwa nini wanaachiwa.

Kuhusu kujiunga nitasema machache, kwa sababu sifa hutangazwa upya kila ajira zinapotoka, na tangazo la mwaka husika ndilo la kufuata. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe raia wa Tanzania, awe na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, asiwe na kumbukumbu za uhalifu, asiwe ameoa au kuolewa, na awe tayari kupangiwa popote nchini. Kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, matangazo ya miaka ya karibuni yametaka umri wa miaka 18 hadi 25. Nafasi haziuzwi, anayeomba fedha ili akupitishe ni tapeli, hata akiwa amevaa sare.

Ukishapangiwa mahakamani, jambo la kwanza ni kujua uko katika mahakama ya ngazi gani. Katika Mahakama ya Mwanzo mlalamikaji mwenyewe ndiye huieleza kesi yake, kwa hiyo askari hujikuta akiulizwa mambo mengi na wananchi ambao hawajawahi kuingia mahakamani. Katika Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi kesi za jinai huendeshwa na waendesha mashtaka, ambao siku hizi wengi wao ni mawakili wa Serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na juu ya mahakama hizo iko Mahakama Kuu. Tafuta nakala ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, uzisome jioni pamoja na Mwongozo wa Jeshi la Polisi, ule ambao kila askari huuita PGO. Hutahitaji kuzikariri zote. Utahitaji kujua, kwa mfano, kwamba mshtakiwa aliye mahabusu hawezi kuahirishiwa kesi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja katika mahakama za chini, kwa sababu tarehe hizo ndizo zitakazopanga wiki zako.

Siku huanzia kwenye orodha ya kesi. Inakili katika daftari lako kabla hakimu hajaingia: namba ya kesi, jina la mshtakiwa, hakimu, na kama kesi inatajwa tu, yaani inaitwa kuangalia imefikia wapi, au inasikilizwa. Kisha pokea mahabusu, wengine kutoka kituoni na wengine kutoka Gereza la Bangwe, ambao kutegemea mahali na utaratibu uliopo huletwa na askari magereza au na polisi wenyewe. Usihesabu vichwa peke yake. Mwite kila mmoja kwa jina, aitike, linganisha na hati iliyomleta, kisha andika saa uliyompokea na jina la aliyekukabidhi, na wote wawili mtie saini. Mpekue upya hata ukiambiwa amekwisha kupekuliwa, ukianzia kwenye ukosi wa shati, pindo za suruali na soli za viatu. Mwanamke apekuliwe na askari wa kike. Wanawake wakae mbali na wanaume, na watoto wasichanganywe kabisa na watu wazima, kwani kesi zao husikilizwa faragha chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Mtihani mkubwa wa zamu hii, hata hivyo, ni ndugu wa mahabusu. Atakuja mama na chapati zilizofungwa kwenye gazeti, akuombe umpelekee mwanawe, na mkononi atakuwa na noti ya shilingi elfu tano iliyokunjwa, akiiita fedha ya soda. Mwamkie kwa heshima, mwambie noti airudishe, mweleze utaratibu wa chakula na saa ambayo kesi inaweza kuitwa, na kama dhamana iko wazi mwelekeze kwa karani akaulize masharti ya wadhamini. Maelezo hayo ni haki yake na hayalipiwi. Anayepokea noti ile ametenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na isitoshe, kuanzia siku hiyo kila ndugu atajua bei yake.

Kigoma ina mambo yake ambayo askari aliyezoea mikoa mingine hana budi kuyajifunza. Mashahidi wengi hutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Kagunga upande wa kaskazini au Kalya upande wa kusini watu husafiri kwa boti, na ziwa likichafuka hakuna anayeondoka. Ukikabidhiwa hati ya wito, ipeleke mapema, hakikisha shahidi ameisaini, na urudishe nakala mahakamani ikiwa na tarehe ya kupokelewa. Kesi nyingi huahirishwa si kwa sababu shahidi amekataa kuja, bali kwa sababu wito ulimfikia siku moja kabla. Jambo la pili ni lugha. Ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, utawapokea washtakiwa wanaojua Kiha tu, na wengine Kirundi. Ukimgundua mtu wa namna hiyo asubuhi, mwarifu karani mara moja atafute mkalimani, wala usijitolee kumtafsiria mwenyewe, kwa kuwa wewe ni askari wa upande unaomshtaki.

Vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa mahakamani kama ushahidi, vinahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Tuseme ni kokoro, yaani wavu mkubwa wa kuvulia samaki, lililokamatwa ziwani: lina unyevunyevu, linanuka, ni zito, na karatasi iliyobandikwa juu yake kwa gundi itabanduka kabla halijafika mahakamani. Funga lebo ya kadi ngumu kwa uzi, iwe na namba ya kesi, tarehe, na jina na saini ya aliyelikamata, kisha kila mkono linakopita paandikwe. Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza umuhimu wa kuwa na kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilikamatwaje, kikatunzwa na nani na kikahamia wapi. Ukisikia wakili wa utetezi akimuuliza shahidi, "Nani alikaa na kitu hiki usiku ule?", utaelewa mara moja kwa nini mtunza vielelezo hukusumbua na saini.

Iko siku utapanda kizimbani wewe mwenyewe kama shahidi. Sema ulichokiona, ulichokisikia mwenyewe na ulichokifanya; ya kuambiwa mwachie aliyeyaona. Mwelekee hakimu unapojibu, mwite Mheshimiwa, na usipokumbuka sema hukumbuki. Shahidi anayebahatisha saa huvunjwa kwa swali la pili.

Baada ya mwaka mmoja au miwili utakuwa umesikia hukumu nyingi kuliko wenzako wa doria, na huo ndio wakati wa kuomba kozi ya upelelezi au ruhusa ya kusoma sheria, kwa mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ambacho hutoa cheti na stashahada. Barua ipite kwa mkuu wa kituo, kisha kwa mkuu wa polisi wa wilaya, hadi kwa kamanda wa mkoa; usiirukishe ngazi. Ambatanisha vyeti vyako, na ueleze kwa sentensi mbili tatu aina za kesi ulizozihudumia mahakamani.