Boti ya jeti imepoteza nguvu? Soma RPM kwanza

Mtu akinipigia simu kwamba boti yake ya jeti "haivuti", simuulizi plagi wala petroli. Namuuliza: ukiipa mafuta yote, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unafika wapi? Wengi hawajui, wao hutazama mwendo tu. Nami bila jibu hilo sijui nifungue upande gani.

Mshale ukipanda kuliko kawaida huku boti inajikokota, injini ni nzima. Pampu ndiyo haisukumi maji. Mshale ukigoma katikati, mara nyingi ugonjwa uko kwenye injini. Kwa hiyo siku boti iko sawa, andika karibu na usukani RPM yake ya juu, mwendo kwa GPS na idadi ya abiria. Kabla ya kulaumu chochote, chungulia banduruni pia, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika. Boti iliyobeba maji kimya kimya haiwezi kukimbia, na hiyo dawa yake ni kuyatoa maji tu.

Naanza na pampu, maana hapa Mtwapa, pwani ya Kenya, kesi nyingi ni za pampu. Maji huingia kupitia wavu wa chuma chini ya boti, impela (pangaboi la ndani ya pampu) huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwenye nozeli, yaani mdomo mwembamba wa pampu. Chochote kinachobana njia hiyo kinaiba nguvu: mwani, mfuko wa plastiki, kipande cha kamba. Kibaya zaidi ni mshipi wa nailoni wa wavuvi, ambao hujiviringa kwenye shafti na kukaza hadi ukatwe kwa kisu. Utasikia mtetemo, injini inalia, boti haiinuki.

Zima injini. Mwani mwingi huanguka wenyewe mara mvuto wa pampu unapokoma. Usitegemee rivasi iutapishe: rivasi ya jeti ni kikombe tu kinachoshuka nyuma ya nozeli na kugeuza maji yarudi mbele. Impela inazunguka upande ule ule na inaendelea kunyonya. Mwani usipoanguka, chomoa ufunguo na kamba ya usalama, utie mfukoni mwako wewe mwenyewe, ndipo upeleke mkono. Boti nyingine zina kifuniko cha kusafishia pampu huko nyuma. Isiyo nacho, ipandishe kwenye trela.

Njia ikiwa wazi na boti bado nzito, mulika impela kwa tochi. Kingo ziwe zimenyooka. Zikiwa zimemong'onyoka, ni kazi ya mchanga na kokoto. Kisha pima nafasi kati ya ncha za impela na ringi inayoizunguka. Kwenye pampu nyingi ndogo, ikikaribia milimita 1 ringi imekwisha: maji yanarudi nyuma badala ya kusukuma, hasa wakati wa kuondoka. Badilisha ringi, na impela uipeleke ikanyooshwe au ununue nyingine.

Hapa nina neno na manahodha wa kubeba watalii. Mmeambiwa jeti inapita maji machache, na ni kweli; Bill Hamilton wa New Zealand alizifanyia kazi miaka ya 1950 ili zipite mito ya kina kifupi. Lakini hupita ikiwa tayari imeinuka na inakimbia. Kuwasha kwenye maji ya magotini ili mgeni asilowe kaptula ni kunyonya mchanga kwa makusudi. Isukumeni mpaka kiunoni.

Mchanga huo hauishii kwenye pampu. Injini nyingi za jeti hupoozwa kwa maji yanayotoka pampuni humo humo, kwa hiyo njia ikiziba injini inachemka, na kompyuta yake inapunguza RPM ili ijiokoe. Hapo ndipo watu huanza kununua plagi. Ukiona taa ya joto na mshale umekwama chini, rudi kwenye pampu na mipira ya maji kwanza. Unaposafisha njia hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, washa injini kisha fungua mfereji. Ukimaliza, funga mfereji kisha uzime injini. Ukigeuza mpangilio huo, maji yanaweza kurudi kupitia ekzosti hadi kwenye silinda.

Sasa injini yenyewe. Fungua kifuniko, nusa, na washa feni ya kutoa mvuke angalau dakika 4 kabla ya kugusa swichi ya kuwasha injini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini ukingoja cheche.

Chota petroli kutoka kwenye filta, tia kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji hukaa chini na utayaona. Petroli ya madumu huja na zawadi hiyo mara nyingi. Kama boti hukimbia vizuri kwa muda halafu inazimika, legeza kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Toa plagi zote uzilinganishe. Iliyolowa au nyeusi peke yake inakuonyesha silinda ya kushughulikia. Pima oili pia. Iliyozidi kipimo hutupwa kwenye njia ya hewa, filta inalowa, injini inakosa pumzi.

Wenye pikipiki za maji za Sea-Doo, tazameni ufunguo. Kuna ule wa wanafunzi unaozuia mwendo, na nimeletewa mashine "mgonjwa" ambayo ilikuwa imechomekwa huo tu.

Yote yakiwa sawa na RPM bado haipandi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda zisipishane sana. Moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 15, usiendelee kuilazimisha baharini. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, tena gereji, siyo ufukweni penye mchanga.