Jinsi ya kupata marafiki kwa kublogu (mi nilianza na visheti vilivyoharibika)

Nilipohamia Mwanza kikazi kutoka Tanga sikuwa na ndugu wala jamaa huku. Kazini tunasalimiana vizuri tu, ikifika saa kumi na moja kila mtu anashika njia yake, mi narudi chumbani Nyegezi, napika, nakula peke yangu, nalala. Blogu nilifungua kwa sababu nilikuwa sina wa kuongea naye, basi. Na miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa naandika mambo makubwa makubwa, mara maisha, mara mafanikio, na hakuna aliyejibu hata mmoja.

Ikaja Idi. Nikajaribu visheti vya bibi yangu vikanishinda, unga ulikuwa sawa, iliki ipo, kukaanga nimekaanga vizuri, ila shira ikagoma kushika, sukari ikatuama chini ya bakuli na visheti vikawa vimelowa vinanatana. Nikapiga picha lile bakuli nikaandika hivyohivyo kama ilivyokuwa, na nikasema ukweli kwamba bibi hayupo tena wa kumuuliza. Baada ya siku mbili nakuta komenti ya mama mmoja, mzaliwa wa Unguja anayeishi Muscat miaka mingi: "Mwanangu, shira yako haijaiva. Iache ichemke, chota tone ulivute kwa vidole viwili, likitoa uzi ndo umimine, na usiache kugeuza mpaka sukari ibadilike iwe nyeupe." Nikajaribu, ikakubali, nikamrudishia picha. Tangu hapo yeye ananiita mwanangu na mi namwita mama.

Kwa hiyo la kwanza nalokwambia ni hili, andika kitu kidogo kinachokuhusu we mwenyewe, chenye jina na mahali. Posti ya "umuhimu wa familia" mtu anasoma anapita, aseme nini sasa? Ila ukiandika kwamba baba yako alikuwa fundi saa na umebaki na boksi lake la vifaa hujui hata kimoja kinaitwaje, kuna mtu mahali anavijua vyote na ataona raha kukwambia. Acha pengo ambalo msomaji anaweza kulijaza, hasa kwa kuuliza swali ambalo kweli hulijui, maana swali la kutafutia komenti watu wanalinusa mara moja.

Andika pia kwa lugha unayoongelea. Ka we ni wa Tanga acha Kitanga chako kionekane, ka ni wa Bukavu au Lubumbashi andika Kiswahili cha kwenu, mtu wa kwenu aliye mbali akikutana na neno ambalo hajalisikia tangu atoke nyumbani ataliulizia na hapo mazungumzo yameshaanza.

Sasa la pili, na hapa ndo wengi wanapokwama. Wanaandika halafu wanakaa kusubiri wageni, wakati wao wenyewe hawajapiga hodi kwa mtu. Tafuta blogu tano sita za watu wanaoandika mambo yao (siyo za habari wala udaku) uzisome kweli, siyo posti ya juu tu, rudi nyuma hadi za mwaka juzi. Halafu ukiacha komenti taja kitu ulichokiona mle ndani. "Kazi nzuri, hongera" haimpi mwenzio pa kushika, ila ukimwambia "hapo ulipoandika mvua ilipiga bati mkashindwa kusikilizana, na sisi kwetu tulikuwa tunaandikiana kwenye daftari mpaka iishe," umempa sababu ya kukujibu. Mi nilijiwekea kila jioni komenti mbili za hivyo, hata siku ambazo mwenyewe sina cha kuandika, na ukweli ni kwamba marafiki wengi niliowapata walitokea kwenye komenti nilizoacha kwa watu kuliko kwenye posti zangu.

Weka na linki za watu unaowapenda pembeni ya blogu yako. Ni jambo la kizamani lakini lilijenga mengi. Wakenya miaka ya 2000 walikuwa na mtandao wao uliounganisha blogu za Kenya, unasoma moja inakupeleka nyingine, wakafahamiana hivyo hata kabla ya kuonana. Januari 2008, baada ya uchaguzi, nchi inawaka, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake kuomba watu wa teknolojia watengeneze ramani ya kuonyesha yanayotokea na wapi, na wakajitokeza wanablogu wenzake kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ndani ya siku chache tovuti yenye ramani hiyo, waliyoiita Ushahidi, ikawa hewani. Walikuwa nchi tofauti. Ila walishasomana muda mrefu, kila mmoja anajua mwenzie anaandika nini na anaweza nini, na kuaminiana namna hiyo hakuanzi siku ya shida.

Huku kwetu Tanzania yupo Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, na Issa Michuzi alipoanza ya kwake 2005 Watanzania walioko nje wakawa wanaamkia pale kuona nani kaoa na nani kafiwa.

Kitu cha kuangalia kabla hujaanza ni sheria. 2018 Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni, na leseni na ada zake kwa mwenye blogu zilizidi shilingi milioni mbili, watu wengi wakafunga blogu zao na mi nasikitika mpaka leo kwa sauti zilizopotea pale. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, kwa hiyo soma zinazotumika sasa za TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) uone zinakuhusu vipi. Ka upo nchi nyingine angalia za huko.

Mtu akikuandikia, jibu. Usimwekee kidole gumba tu, mwandikie sentensi mbili tatu na umuulize kitu na yeye. Weka imeili ya blogu peke yake, tofauti na ile ya benki na kazini, maana kuna watu hawataki kusema mambo yao mbele ya wote na imeili ndo inawapa faragha. Ukishaandikiana na mtu miezi kadhaa mnaweza kuhamia simu. Usikimbilie. Na anayekuomba hela wiki ya kwanza, au anayetaka kujua unakaa nyumba gani na nani, huyo mwache. Picha za watoto wa ndugu zako usiweke bila ruhusa yao, na jina la mtaa wako halisi si lazima mtu alijue.

Kuonana ana kwa ana kukifika, kutaneni mchana mahali penye watu na umwambie mtu mmoja unaenda wapi. Sisi wa Mwanza tulikutana mara ya kwanza watu wanne, tukakaa tunakula sato pale ufukweni, nusu saa ya mwanzo aibu tupu, mpaka mmoja aliposema "we ndo wa visheti?" tukacheka tukaendelea hadi jua linazama. Sasa hivi mmoja wao ndo ninayemwachia ufunguo nikisafiri.

Mwisho, fuatilia watu wako wakinyamaza. Mama yangu wa Muscat aliwahi kukaa miezi miwili bila neno na mi nikawa nasita, nikijiambia labda kachoka nami, nikaandika imeili nikafuta mara mbili, siku ya tatu nikatuma salamu tu za mistari minne. Alikuwa amefiwa na dada yake. Akanipa namba, nikampigia jioni ileile, tukasoma Fatiha pamoja kwenye simu, halafu akaniuliza kama nimekula.