Nani atakaa na mtoto? Mwongozo kwa familia zenye watoto wadogo Uingereza

Mzazi anayehamia Uingereza na watoto wadogo huandaa viza, tiketi na makoti ya baridi, lakini jambo litakalomsumbua kila asubuhi ni nani atakaa na mtoto wakati baba na mama wako kazini. Nyumbani mzigo huo hugawanywa kati ya bibi, shangazi, dada wa kazi na jirani, mara nyingi bila hata kuombwa. Huku hubebwa na watu wawili, pengine mmoja, na sheria inamwangalia kila anayemshika mtoto wako. Kwa maoni yangu, familia ikishapanga malezi ya mchana, mengine hupangika, na ndiyo maana nitakaa zaidi hapo. Mengi ninayoeleza ni ya England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Wengi wetu huanza kwa kumlipa mwenzetu kutoka nyumbani ili akae na mtoto kwake, hasa mzazi anapofanya kazi za zamu hospitalini au katika nyumba za wazee. Nia ni njema, lakini anayelipwa kulea mtoto wa mwingine wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, anatakiwa awe amesajiliwa na Ofsted, idara inayokagua shule na malezi, au na wakala aliyesajiliwa nayo. Ndugu wa karibu wa mtoto hahitaji usajili huo, na marafiki wanaopokezana kulea watoto wao bila kulipana wanaruhusiwa. Kwa hiyo familia mbili zenye zamu tofauti zinaweza kusaidiana kwa haki kabisa, mradi fedha isiingie kati. Ukiamua kulipa, omba kuona cheti cha usajili na usome ripoti ya ukaguzi, ambayo hupatikana bure mtandaoni.

Suluhisho la pili tunalolipenda ni kumleta bibi. Viza ya kawaida ya mgeni humruhusu kukaa hadi miezi 6, na akiwa huku anaweza kumwangalia mjukuu wake, ilimradi ni ziara ya kweli na si ajira. Asilipwe, na barua ya mwaliko isimtaje kama mlezi anayekuja kujaza nafasi ya chekechea. Mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege, kwani matibabu mengi ya hospitali kwa mgeni hulipiwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, na mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari si wa kubahatisha naye.

Lipo pia jambo ambalo huwakamata watu wasiotarajia. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiishi kwa siku 28 au zaidi na mtu ambaye si mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri ya eneo lazima iarifiwe. Kaka, dada, babu, bibi, mjomba, ami, shangazi na mama mdogo wa damu huhesabiwa kuwa ndugu wa karibu. Rafiki wa familia ambaye mtoto humwita shangazi kwa heshima hahesabiwi.

Kwa upande wa chekechea, kila mtoto wa miaka 3 na 4 nchini England ana haki ya saa 15 za bure kwa wiki kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3, bila kujali aina ya viza ya wazazi. Saa za ziada kwa wazazi wanaofanya kazi zina masharti, yakiwemo ya ukaazi. Soma kibali chako: ikiwa kina sharti la kutotegemea fedha za umma, usiombe posho ya mtoto inayolipwa na serikali kabla ya kupata ushauri wa kisheria, kwa sababu ombi hilo linaweza kuharibu maombi yako ya baadaye. Shule ya serikali na matibabu ya NHS havimo katika katazo hilo.

Yeyote atakayemlea mtoto ajue kwamba Scotland ilipiga marufuku kumchapa mtoto mwaka 2020 na Wales mwaka 2022, na kwamba hata England kipigo kinachoacha alama kinaweza kumfikisha mzazi polisi.

Afya haina ugumu mkubwa. Jisajilini kwa daktari wa familia wiki ya kwanza. Ni bure, na hawapaswi kuwakatalia kwa kukosa uthibitisho wa anwani au viza. Bebeni kadi ya kliniki ili chanjo zilinganishwe. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 hupendekezewa mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Kwa ushauri wa haraka pigeni 111, na kwa dharura 999.

Shule ya msingi huanza Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 4, na mwisho wa kuomba nafasi ni tarehe 15 Januari ya mwaka huo. Mkifika baadaye, ombeni kupitia halmashauri. Hapa ndipo safari za nyumbani hubadilika. Kumtoa mtoto shuleni bila ruhusa ili kuwahi tiketi nafuu kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 baada ya hapo. Faini hiyo haimhusu mtoto ambaye hajafikia umri wa lazima wa shule, yaani muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5. Ikiwa mnataka mtoto akae nyumbani miezi miwili na kuzoeana na ukoo na lugha, safari hiyo ifanyike kabla ya umri huo.